Kalenda ya kazi kwenye Microsoft Project: ninavyoipanga kwa saiti za Rungwe na Makete

Mbao za kenchi zilishuka saiti wiki tatu kabla ya wakati wake. Zilitoka Mafinga, lori zima, zikapangwa uwanjani kwenye bweni la wasichana tulilokuwa tunajenga upande wa Tukuyu, na kuta zilikuwa bado hazijafika linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Tukazifunika turubai. Mvua za Novemba zikaanza, turubai likachanika, na siku ya kupaua sehemu kubwa ya mbao ilikuwa imeshapinda. Tarehe ya kuleta mbao niliitoa mimi, na mimi niliitoa kwenye kompyuta, ndani ya Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba za miradi.

Kompyuta haikukosea hesabu. Nilikuwa nimeijazia wiki ya Jumatatu mpaka Jumamosi, masaa 9 kila siku, jumla masaa 54. Pale saiti watu walikuwa wanafanya masaa 45. Piga hesabu mwenyewe: kila wiki 5 za kwenye kioo zilikuwa wiki 6 za mafundi. Tulianza Julai, na ilipofika wiki ya 15 ya ratiba yangu mafundi walikuwa wanahitaji wiki 18 kufika hapo. Hakuna aliyezembea. Tangu siku ile sianzi kuandika kazi hata moja kabla kalenda, yaani siku na saa za kazi ninazoijazia programu, haijakaa sawa, na kila kijana anayekuja ofisini kwetu Mbeya kujifunza kupanga ratiba namwanzishia hapo.

Anza na daftari, kompyuta iache kwenye begi. Nenda saiti, uliza. Msimamizi atakwambia saa za kwenye mkataba. Mlinzi atakwambia saa anayofungua geti kweli. Pale Tukuyu aliyenisaidia zaidi ni mama lishe. Nilimuuliza vijana wanakula saa ngapi, nikiwa nimeshaandika saa saba kamili. Akanijibu, "Mwanangu, saa saba sufuria zangu ziko tupu. Wanakuja saa sita na nusu, saa saba na nusu wamerudi kazini." Chai ya saa nne sikuiweka kwenye kalenda, na wewe usiiweke. Fundi anapokwambia anajenga tofali kiasi fulani kwa siku, chai yake ameshaihesabu humo.

Kisha linganisha uliyoambiwa na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa masaa 45 ya kawaida kwa wiki, masaa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na mapumziko ya angalau dakika 60 baada ya masaa 5 mfululizo. Wiki yangu ya masaa 54 ilikuwa imevunja sheria kabla hata msingi haujachimbwa. Mgawanyo ninaoutumia sasa ni huu: Jumatatu mpaka Ijumaa kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu, tena saa saba na nusu hadi saa kumi na nusu; Jumamosi saa moja na nusu hadi saa sita na nusu basi. Hayo ni masaa 8 mara 5, jumlisha 5. Arobaini na tano kamili.

Sasa fungua programu. Menyu ya juu kuna "Project", ndani yake kitufe cha "Change Working Time". Utakuta kalenda tatu zilizokuja na programu: Standard, ambayo ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni na saa moja ya chakula, 24 Hours, isiyolala, na Night Shift ya kazi za usiku. Standard usiiguse. Ukiibadilisha, mwenzako akifungua faili lako ataona jina analolijua na kudhani yaliyomo ni yale anayoyajua. Bonyeza "Create New Calendar", chagua kutengeneza nakala ya Standard, uipe jina linaloeleweka. Mimi naandika mahali na aina: "Rungwe kawaida", "Rungwe nje", "Makete". Majina kama "Kalenda 1" yataanza kukusumbua ukifikisha miradi miwili.

Nenda kwenye kichupo cha "Work Weeks", chagua mstari wa "Default", bonyeza "Details". Shika Jumatatu mpaka Ijumaa kwa pamoja, chagua kuweka saa mahususi, jaza. Kisha Jumamosi peke yake. Jumapili iache kama siku isiyo ya kazi.

Hapa pana mtego ambao vitabu vya programu hii haviwezi kukuonya, maana walioviandika hawahesabu saa kama sisi. Saa moja na nusu asubuhi kwenye kompyuta ni 7:30. Kijana wetu mmoja aliandika 1:30, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa saiti na ndivyo kichwa chake kilivyosema. Kwa kompyuta hiyo ni saa saba na nusu. Saa sita na nusu mchana ni 12:30, saa saba na nusu ni 13:30, saa kumi na nusu ni 16:30. Andika saa zote kwa mtindo wa masaa 24 kwenye daftari kabla hujakaa mezani, ili kichwa kisitafsiri huku vidole vinaandika.

Ukimaliza saa, usifunge. Nenda "File", "Options", "Schedule". Kuna namba ambazo watu wengi huziruka, na ndizo zinazozaa tarehe za ajabu. "Hours per day" iwe 8, "Hours per week" iwe 45. "Days per month" mimi naweka 24: masaa 45 mara wiki 52, gawa kwa miezi 12, unapata 195, gawa kwa 8, unapata 24 na ushee. Saa ya kuanza iwe 7:30 na ya kumaliza 16:30. Elewa vizuri kazi ya namba hizi. Hazibadilishi kalenda hata kidogo. Zinaiambia programu kwamba ukiandika "siku 1" una maana ya masaa mangapi. Kama kalenda yako ina masaa 10 kwa siku na hapa umeacha 8, kazi ya siku 5 itakwisha siku ya nne, na utazunguka na faili usiku kucha ukitafuta siku iliyopotea.

Na kwa sababu Jumamosi yetu ni nusu siku, kuna jambo la kuwaeleza mafundi mapema. Fundi mwashi akisema "siku sita", ana maana Jumatatu mpaka Jumamosi. Programu inasikia masaa 48. Wiki ina 45, kwa hiyo kazi inavuka na kuisha Jumatatu inayofuata saa nne na nusu asubuhi. Nikiona kazi inaishia 10:30 ya Jumatatu, huwa namuuliza fundi tena. Kama alimaanisha wiki, naandika wiki.

Sasa sikukuu, na hapa nenda taratibu. Zipo kwenye kichupo cha "Exceptions". Zenye tarehe ya kudumu unaziweka mara moja na kuchagua zijirudie kila mwaka: 1 Januari, Mapinduzi 12 Januari, Siku ya Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba, Krismasi na siku inayofuata. Kabla hujaandika ya kwanza, hakikisha kompyuta yako inasoma siku kwanza ndipo mwezi. Kompyuta nyingi zinakuja zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele. Ubaya wake umejificha: 1/1 ni sahihi, 7/7 ni sahihi, 8/8 ni sahihi, unaangalia haraka unaridhika. Wakati huo Karume yako ya 7/4 imekuwa tarehe 4 Julai, Mei Mosi imekuwa 5 Januari, Mapinduzi yamekwenda 1 Desemba, na Uhuru wa 9/12 umehamia 12 Septemba. Mimi sikagui Saba Saba. Nakagua Uhuru, nikiukuta Desemba najua mengine yamekaa.

Pasaka huhama, kwa hiyo iandike mwaka kwa mwaka. Chukua 2026: Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Pasaka 5, Jumatatu ya Pasaka 6, na Jumanne tarehe 7 ni Karume. Inabaki Jumamosi tarehe 4 katikati, nusu siku, imezungukwa na sikukuu pande zote. Kwa sheria ni siku ya kazi. Lakini vibarua waliotoka Mbozi au Kyela wakishapanda gari Alhamisi jioni, utawaona Jumatano. Mimi Jumamosi hiyo naifunga kwenye kalenda. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, na hapo Karume inakaa mbali peke yake.

Idi mbili na Maulidi hufuata mwandamo wa mwezi. Weka tarehe inayotarajiwa, na kwenye jina la sikukuu ongeza neno "kadirio" ili wewe na mwenzako mjue ni ya kurekebishwa. Mwezi ukiandama na tangazo likitoka, badilisha siku hiyo hiyo.

Nane Nane kwetu ni zaidi ya siku moja. Maonyesho ya wakulima ya kanda hii yanafanyika hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, na yanaanza 1 Agosti. Wiki nzima hiyo magari ya mizigo yanagombaniwa. Hata hivyo sifungi wiki nzima kwenye kalenda. Mafundi wapo kazini, kilichobanwa ni usafiri, kwa hiyo ninachosogeza ni tarehe ya kuleta kokoto na mchanga.

Hilo linanipeleka kwenye kosa ninaloliona sana kwa watu wenye juhudi: wanataka kalenda ibebe kila kitu. Mvua za kwanza zikinyesha Novemba, nusu ya vibarua wanakwenda kupanda mahindi. Je, unafunga saiti? Hapana. Saiti ina watu wachache, saa ni zile zile. Basi punguza idadi ya vibarua kwa tarehe hizo: fungua taarifa za kundi la vibarua kwenye orodha ya rasilimali, kuna jedwali la "Resource Availability", andika kutoka tarehe fulani mpaka fulani wapo 6 badala ya 12. Na misiba je? Ukijenga kijijini Rungwe, mtu mzima akifariki jirani, kazi husimama mpaka mazishi, na ni haki isimame. Huwezi kuipangia tarehe. Naiachia siku za akiba mwishoni mwa kila hatua kubwa, msingi, kuta, paa, nikiziandika wazi kama kazi inayojitegemea ili mshauri azione.

Mvua yenyewe ndiyo inayostahili kalenda yake. Miteremko ya Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kifuku chetu kinaanza Novemba na kwenda mpaka Mei. Nilivyozoea kuona, asubuhi kunakuwa kweupe, mawingu yanashuka mchana, na kuanzia saa nane huwezi kujenga ukuta wa nje. Kwa hiyo naichukua "Rungwe kawaida", natengeneza nakala, naiita "Rungwe nje". Kwenye "Work Weeks" naongeza mstari mpya, jina "Kifuku", kuanzia 15 Novemba hadi 15 Mei, na humo Jumatatu mpaka Jumamosi ni 7:30 hadi 12:30 tu. Masaa 30 kwa wiki. Angalizo moja: wiki mpya hii ikishaanza, inatawala siku zake zote saba. Pitia kila siku uiwekee saa kwa mkono, Jumapili uifunge kwa mkono, usiache hata moja ijiamulie.

Kalenda ya nje ni kwa kazi za nje pekee. Chagua mistari ya kazi hizo kwa pamoja, msingi, kuta, kupaua, lipu ya nje, fungua "Task Information", kichupo cha "Advanced", na kwenye kisanduku cha "Calendar" chagua "Rungwe nje". Lipu ya ndani, umeme na dari vinabaki na kalenda ya kawaida, kwa sababu paa likishakaa mvua haiwahusu. Ningekuwa nimefanya hivi kwenye lile bweni, ratiba ingenionyesha Julai ile ile kwamba paa halimaliziki kabla ya mvua, na tungeanza kwa kuongeza waashi.

Makete ni hesabu nyingine. Juni na Julai asubuhi nyasi zina umande ulioganda, maji ya kwenye pipa yanachoma mikono, na kuanza saa moja na nusu ni kuwatesa watu bila faida. Huko wiki za kipupwe nazianzisha 8:30, na muda wa lipu kukauka nauongeza kwenye kazi yenyewe.

Zege lina kalenda yake, na watu hulisahau. Linakomaa usiku, linakomaa Jumapili, linakomaa sikukuu. Ukiandika siku 28 za kusubiri kama kazi ya kawaida, programu inasoma masaa 224, inayagawanya kwenye wiki za masaa 45, na inakupa karibu wiki 5. Umetupa wiki nzima. Andika "28ed" badala ya "28d". Ile herufi "e" inaiambia programu ihesabu siku za jua na mwezi, bila kujali kalenda yoyote. Kumwagilia zege siku 7 ni "7ed". Kama unaweka muda wa kusubiri kati ya kazi mbili badala ya kuandika kazi nzima, tumia "ed" vile vile. Kwenye baridi ya milimani zege linachelewa kupata nguvu, kwa hiyo siku za kufungua mbao zinazolishikilia muulize mhandisi, usinakili za mradi wa Dar es Salaam.

Watu nao wana kalenda zao. Fundi bomba wetu ni Msabato. Ijumaa anaondoka mapema ajiandae na Sabato, Jumamosi yuko kanisani, Jumapili yuko tayari kufanya kazi za ndani kwa utulivu. Nilifungua taarifa zake kwenye orodha ya rasilimali, nikabonyeza "Change Working Time" ya kwake mwenyewe, nikaweka Ijumaa mwisho 14:30, Jumamosi imefungwa, Jumapili 7:30 hadi 12:30. Ujue tu kwamba kazi yenye kalenda yake, ikipewa mtu mwenye kalenda yake, inafanyika pale saa za pande zote mbili zinapokutana. Zisipokutana programu itakuonya. Kuna kisanduku cha kuiambia ipuuze kalenda za watu, "Scheduling ignores resource calendars". Mimi nakitia alama kwa nadra sana, maana kukitia ni kusema fundi atakuja Jumamosi wakati unajua hatakuja.

Muda wa ziada usiuingize kwenye wiki ya kawaida. Sheria inaruhusu usizidi masaa 50 katika wiki 4, kwa malipo ya mara moja na nusu. Ukihitaji Jumapili moja ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, iongeze kama "exception" ya siku hiyo na uiwekee saa za kazi. Lakini mwambie mhasibu kwanza, kwa sababu kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Baada ya yote hayo, kalenda bado haifanyi kitu mpaka uiamrishe. Rudi kwenye menyu ya "Project", fungua "Project Information", na kwenye "Calendar" chagua ya kwako. Halafu bonyeza mara mbili kwenye mstari wa tarehe juu ya chati, kichupo cha "Non-working time", chagua kalenda hiyo hiyo, ili kivuli cha siku za mapumziko kifanane na ukweli. Usipofanya hivyo, kivuli kinaendelea kuonyesha Standard, na mteja ataona kazi imechorwa juu ya Jumamosi aulize maswali.

Ijaribu. Andika kazi moja ya uongo ya siku 2, ianze Alhamisi 2 Aprili 2026. Kama umefunga Jumamosi tarehe 4 nilivyofanya mimi, lazima iishe Jumatano tarehe 8, saa 16:30. Ikiisha Ijumaa, sikukuu zako hazijaingia. Ikiisha Jumatano 10:30, Jumamosi iko wazi. Ifute ukimaliza. Kisha kwenye "File", "Info", fungua "Organizer" unakili kalenda zako kwenda Global.MPT, faili ambalo programu hulitumia kwa miradi yote, ili mradi ujao usianze na ukurasa mweupe. Kwa anayetumia ProjectLibre, programu nyingine ya ratiba iliyo ya bure, mawazo ni yale yale, ila jiandae kuweka sikukuu siku moja moja.

Halafu ninachapa miezi mitatu ya kalenda kwenye karatasi na kuipeleka saiti, naibandika mlangoni mwa stoo na kuacha kalamu. Kwenye mradi uliofuata lile bweni, niliikuta baada ya siku nne imechorwa mstari juu ya kila Alhamisi kuanzia mchana. Nikamwuliza msimamizi ni nani kaharibu karatasi. Akasema, "Dada, Alhamisi ni gulio. Saa saba na nusu hapa utabaki na mlinzi." Nikakaa kwenye mfuko wa saruji, nikafungua kompyuta, nikaweka Alhamisi mwisho 12:30, na tarehe ya mbao ikasogea mbele siku sita.